Ndege ya Barabara ya Elmwood na Sikio la Rubani

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Curtiss ilijenga kiwanda kipya kando ya Barabara ya Elmwood, upande wa kaskazini wa mji wa Buffalo, jimbo la New York. Kilisimamishwa kwa miezi michache tu, na kilipokamilika kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya ndege duniani. Mafundi waliunga fremu za mbao nyepesi, wanawake wakashona kitambaa cha kuvisha mabawa, kisha kitambaa kikapakwa dawa yenye harufu kali ili kikaze. Ndege iliyoipa Curtiss jina kubwa miaka hiyo ni ile ya mazoezi iliyoitwa Jenny. Ziliundwa zaidi ya 6,000, na marubani wengi mno wa Marekani wa zama hizo walijifunzia humo.

Leo North Buffalo ni mtaa wa makazi na maduka. Mwendo mfupi kusini mwake, upande wa West Side, zinaishi familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Nawaandikia na wao kisa hiki, kwa sababu barabara wanayopita kwenda kazini ndiyo ilikotoka ndege iliyomaliza ubishi mkubwa kuhusu mwili wa binadamu: je, mtu aliye angani anaweza kuliamini sikio lake kumwambia upande gani ni juu na upande gani ni chini?

Mwaka 1917 jeshi la Marekani liliamini kwamba anaweza. Liliamini zaidi ya hapo, kwamba mwenye sikio bora ndiye rubani bora. Daktari wa masikio kutoka Philadelphia, Isaac Jones, alikuwa mstari wa mbele kueneza kipimo cha kiti kinachozunguka. Kijana aliyetaka urubani aliketishwa, akainamishwa kichwa kidogo, akafumba macho, kisha akazungushwa mara 10 ndani ya sekunde 20. Kiti kikasimamishwa ghafla na daktari akamtazama machoni. Macho yalitakiwa kuchezacheza kwenda upande mmoja na kurudi kwa takribani sekunde 26. Yakitulia mapema mno au yakichelewa mno, kijana alirudishwa nyumbani.

Ili kuelewa kwa nini madaktari hao, ambao hawakuwa wajinga, waliamini hivyo, inabidi turudi nyuma karibu miaka 100, hadi Paris na njiwa wa Pierre Flourens.

Katika miaka ya 1820 Flourens alikuwa akichunguza sehemu za ubongo na za sikio ajue kila moja ina kazi gani. Alipofika kwenye mirija mitatu iliyopinda ndani ya sikio la njiwa, aliikata mmoja baada ya mwingine, akitarajia ndege huyo awe kiziwi. Njiwa aliendelea kusikia. Ila kichwa kilianza kuyumba, na alipojaribu kutembea alijizungusha. Mrija uliolala ukikatwa, alizunguka kwa ulalo. Uliosimama ukikatwa, alipinduka kwa mbele au kwa nyuma. Flourens aliandika kwa uaminifu alichokiona, lakini hakufika mahali pa kusema kwamba amekutana na mlango wa hisi nyingine kabisa, isiyokuwamo katika zile tano walizozihesabu wahenga tangu Aristotle.

Januari 1861, mjini humo humo, Prosper Ménière, daktari wa shule ya viziwi, alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba kizunguzungu kikali kinachokuja pamoja na mvumo masikioni na upungufu wa kusikia chanzo chake ni sikio la ndani. Hadi siku hiyo wagonjwa hao walihesabiwa kuwa na maradhi ya ubongo, na wengi wao walitolewa damu kama dawa. Mwaka uliofuata Ménière alifariki kabla hoja yake haijakubalika.

Kufikia 1873 na 1874 watu watatu, kila mmoja kivyake, walifikia jibu lile lile: Ernst Mach huko Prague, Josef Breuer huko Vienna na Alexander Crum Brown huko Edinburgh. Mach alianza kulifikiria jambo hilo akiwa ndani ya treni. Ilipokata kona aliona nyumba na miti ya nje imelala upande, akajiuliza ni nini mwilini mwake kilichomdanganya.

Jibu lao ni hili. Ndani ya kila sikio, katika mfupa ulio mgumu kuliko mingine ya fuvu, mirija hiyo mitatu imepangwa kila mmoja ukielekea upande wake, karibu nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake, nayo imejaa majimaji. Ukizungusha ghafla ndoo ya maji, ndoo inakwenda na maji yanabaki nyuma kidogo. Ndivyo yanavyofanya majimaji ya mirija kichwa kinapogeuka. Yakibaki nyuma yanasukuma kizibo laini kilichokaa njiani mwake, kizibo kinalaza vinyweleo vilivyo chini yake, na neva zinaupasha ubongo habari: tunageuka, upande huu, kwa nguvu hii. Lakini mzunguko ukiendelea kwa mwendo ule ule, majimaji nayo yanashika mwendo, kizibo kinarudi wima baada ya sekunde kama 10 hadi 20, na ubongo unaambiwa kwamba mzunguko umekwisha ilhali bado unaendelea. Mzunguko ukisimama kweli, majimaji yanazidi kwenda, na mtu aliyetulia tuli anaapa kwamba anazunguka upande wa pili. Kila mtoto aliyewahi kujizungusha uwanjani hadi akaanguka analijua hilo.

Kando ya mirija kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa, vidogo mno, vilivyolala juu ya utando laini. Kichwa kikiinama, vijiwe vinateleza kidogo kuelekea chini na ubongo unajua. Wanyama wengi wana vijiwe vya namna hii, na Buffalo yenyewe ina ushahidi wa kushikwa mkononi. Ziwa Erie, linaloanzia mlangoni mwa mji huo, lina samaki mwenye kunguruma ambaye wataalamu humwita Aplodinotus grunniens. Vijiwe vyake vya sikioni si vidogo hata kidogo. Vya samaki mkubwa hufikia upana wa ukucha wa kidole gumba, ni vizito, vyeupe, na upande mmoja vina mfereji uliokunjika mithili ya herufi L. Samaki akifa na kuoza, vijiwe hutupwa ufukweni na mawimbi, watoto wakaviokota, na watu wa mwambao huo huviita mawe ya bahati. Sidhani kama kuna sehemu nyingi duniani ambako mtu anaweza kuinama na kuokota kiungo cha usawa wa mnyama akakitia mfukoni.

Kuhusu vijiwe hivyo, jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua lilifanywa Vienna na Alois Kreidl, likachapishwa 1893. Kamba, yule wa baharini, hana kijiwe cha kuzaliwa nacho. Kila anapojivua gamba hupoteza na vijiwe vyake, kisha hutia chembe mpya za mchanga kwenye vishimo vilivyo chini ya vipapasio vyake. Kreidl aliwaweka kamba katika chombo ambacho badala ya mchanga kilikuwa na unga wa chuma. Wakajitilia chuma. Alipoleta sumaku juu yao, kamba waligeuka wakaogelea chali, wakiwa na yakini kwamba sumaku ndiyo ardhi. Hapakuwa na ugonjwa wowote katika wanyama wale. Hisi yao ilifanya kazi barabara, na kwa sababu ilifanya kazi barabara iliwapeleka pabaya.

Marekani nako, William James wa Harvard alichapisha mwaka 1882 uchunguzi wake juu ya viziwi. Kati ya 519 aliopata habari zao, 186 hawakupata kizunguzungu hata walipozungushwa kwa nguvu, maana lililoua kusikia kwao liliua na mirija. Kilichomshughulisha zaidi ni hali ya baadhi yao wanapopiga mbizi na kufumba macho. Chini ya maji, mwili ukielea na macho yakiwa gizani, walipotewa kabisa na habari ya juu na chini, wakaingiwa na hofu kuu. Nchi kavu watu hao hao walitembea vizuri, kwa kuwa macho, nyayo na misuli vilifanya kazi ya sikio.

Usawa, basi, haukai sikioni peke yake. Ubongo unasikiliza mashahidi watatu: sikio, macho, na mwili wenyewe kwa uzito unaouhisi kwenye nyayo, viungo na makalio. Si mbali na Buffalo, juu ya korongo la Niagara, Mfaransa aliyejulikana kama Blondin alitembea juu ya kamba tarehe 30 Juni 1859, na katika siku zilizofuata za msimu ule alirudia akiwa amefungwa kitambaa machoni. Aliweza kwa sababu kamba ile ilifungwa ardhini ncha zote mbili, na nyayo zake ziliisoma hatua kwa hatua. Rubani aliye ndani ya wingu hana kamba.

Kiti cha jeshi la Marekani kilitokana na kazi ya Robert Bárány wa Vienna. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, na wengine wakamlalamikia kwamba wanapata kizunguzungu. Mmoja alipomwambia kuwa maji ni ya baridi mno, akajaribu ya moto, na macho ya mgonjwa yakachezacheza upande wa pili. Bárány alielewa kwamba baridi na joto vinayasukuma majimaji ya mirija. Kwa mara ya kwanza daktari angeweza kulipima sikio la ndani la mtu mzima bila kumpasua. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1914 ikawa yake, naye habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi, kambini Merv, Asia ya Kati. Mwanamfalme Carl wa Sweden aliingilia kati, na Bárány akaachiliwa 1916.

Kipimo chake kilikuwa cha kweli. Kilichokosewa ni hitimisho. Jeshi lilijua kwamba mwenye sikio bovu huyumba ardhini, likakata shauri kwamba mwenye sikio zima hatayumba angani. Na marubani wenyewe walilipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Katika miaka iliyofuata vita ilikuwa sifa kusema kwamba rubani wa kweli huihisi ndege kwa mkao wake kitini, hatazami mishale ya kwenye ubao. Vyombo vya kupimia vilikuwa vya wasiojiamini.

Huku nyuma watu walikuwa wanakufa. Huduma ya posta ya anga ilianza Mei 1918, na aliyeipanga mwanzoni alikuwa afisa wa jeshi, Reuben Fleet, ambaye jina lake tutalikuta tena. Barua zilitakiwa kufika hata kukiwa na ukungu. Rubani aliingia winguni akiwa mzima, ndege nzima, injini inanguruma sawasawa, na dakika chache baadaye akatokea chini ya wingu akizunguka kuelekea ardhini. Walioyakuta mabaki hawakuelewa.

Tufuate kinachotokea. Ndege inaanza kulalia kushoto, polepole sana, nyuzi moja au mbili kwa sekunde. Hapo majimaji ya mirija hayasogei kiasi cha kukisukuma kizibo. Sikio halisemi neno. Ndege iliyolala upande hugeuka, na ikigeuka hushusha pua na kuongeza kasi. Nguvu ya mgeuko inamkandamiza rubani kitini wima kabisa, kwa hiyo vijiwe vya sikio na makalio yake vyote vinatoa ushahidi mmoja: umekaa sawa. Anachokisikia ni upepo unaozidi kuvuma kwenye nyaya za mabawa. Anahitimisha kwamba anashuka moja kwa moja, anavuta usukani ili apande, na kuvuta usukani ndege ikiwa imelala kunaukaza mzunguko. Akibahatika kuinyoosha, mirija inayotoka kwenye mgeuko mrefu inampigia kelele kwamba sasa amelalia kulia. Basi anairudisha kushoto, pale pale palipokuwa panamuua, na anajisikia vizuri. Kila shahidi aliye mwilini mwake amesema uongo kwa nia njema.

Aliyeling'amua hilo kwa mwili wake alikuwa William Ocker, rubani wa jeshi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake. Mwaka 1926, katika kiwanja cha Crissy Field, San Francisco, daktari David Myers alimketisha kwenye kiti cha Bárány katika uchunguzi wa kawaida wa afya, akamfumba macho na kumzungusha. Mwendo ulipotulia Ocker alisema kiti kimesimama. Kiti kilikuwa bado kinazunguka. Kilipopunguza mwendo alisema kinazunguka upande wa pili. Myers akamwonyesha kwamba amekosea kila mara, yeye ambaye alikuwa amerusha ndege kwa miaka mingi.

Ocker alikuwa amewahi kutumia kipimo cha mgeuko cha kampuni ya Sperry, chombo chenye gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi ndani yake. Gurudumu la namna hiyo hung'ang'ania mkao wake, na mshale unaofungwa nalo husogea ndege ikigeuka, iwe usiku au mchana, ndani ya wingu au nje. Alitengeneza kisanduku, akatia humo kipimo hicho na tochi ndogo, akaacha tundu la kuchungulia. Akarudi kwa Myers, akaketi, akaweka uso kwenye kisanduku, akazungushwa. Mara hii alijibu kila swali kwa usahihi. Hisi zake zilikuwa zimeendelea kumdanganya vile vile, ila alikuwa amesoma mshale na kuupuuza mwili.

Kuanzia siku hiyo Ocker alihubiri kila aliposimama. Kwa shukrani, wakubwa wake walimpeleka hospitali kupimwa akili. Baadaye, huko Brooks Field, Texas, alipata mwenzi wa kazi, Carl Crane, ambaye mwaka 1925 aliponea chupuchupu alipozunguka ndani ya wingu hadi karibu na ardhi. Wawili hao waliwafunika njiwa macho wakawaachia kutoka ndegeni. Njiwa, ambaye amezaliwa kuruka, hakuruka. Aliinua mabawa akayakaza na kujiachia kushuka. Iwapo ndege wa Mungu asiyeona haamini sikio lake hewani, Ocker na Crane waliuliza, rubani aliliamini kwa ujasiri gani?

Sasa turudi Barabara ya Elmwood. Vita ilipokwisha Curtiss haikuhitaji tena kiwanda kikubwa vile. Mwaka 1924 alihamia humo Reuben Fleet, yule wa posta ya anga, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha kampuni ya Consolidated. Alikuwa na mkataba wa jeshi wa ndege za mazoezi. Ndege yake, PT-1, ilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ya mbao na kitambaa, na sifa moja ambayo wapenda mbwembwe hawakuijali: ilitulia. Mwanafunzi akiikosea, ilimsamehe. Jeshi la majini likataka ya kwake, yenye injini ya silinda zilizopangwa duara, ikaitwa NY. Na iliporefushwa mabawa ikawa NY-2.

Ndege moja ya aina hiyo, iliyotoka North Buffalo, ilipelekwa Mitchel Field, Long Island, kwa kazi ya pekee. Mfuko wa Daniel Guggenheim ulikuwa umefungua maabara ya kuruka bila kuona, na jeshi liliuazima Luteni James Doolittle. Doolittle alijulikana kwa sarakasi za angani, lakini pia alikuwa na shahada ya udaktari ya uhandisi wa anga aliyoipata mwaka 1925 katika chuo cha MIT. Nadhani hakuna aliyefaa zaidi. Asingekuwa bingwa wa kuihisi ndege, wenzake wangesema ameshindwa kwa kukosa kipaji.

Ukungu ulimfunza mapema. Machi 1929, akitoka Buffalo usiku kurudi Mitchel Field kwa ndege nyingine ya maabara, alikuta kila kiwanja kimefunikwa, mafuta yakakaribia kwisha, akaibwaga ndege huko New Jersey, bawa likajipinda kwenye mti. Alitoka mzima. Vifaa alivyovihitaji vingine bado vilikuwa vinatengenezwa.

Elmer Sperry, wa kampuni ile ya kipimo cha mgeuko, alimpa mwanawe, Elmer mdogo, kazi ya kuunda viwili: dira isiyoyumba, na upeo bandia. Cha pili ndicho kiini cha kisa chote. Ni kioo cha duara chenye picha ndogo ya ndege katikati na mstari ulalao nyuma yake. Gurudumu la ndani linaulinda mstari ubaki sambamba na ardhi; ndege ikilala, rubani anaona picha na mstari vimepishana kwa pembe ile ile. Hana haja ya kukisia. Kifaa cha tatu kilikuwa kipimo cha kimo cha Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, chenye gia za usahihi wa saa. Vipimo vya zamani viliweza kukosea kwa makumi ya mita, na aliye katika ukungu hana makumi ya mita za kuchezea. Kulikuwa na redio pia, inayotikisa vibanzi viwili vidogo mbele ya rubani. Vikitikisika sawa, yuko kwenye njia.

Asubuhi ya tarehe 24 Septemba 1929 ukungu ulikuwa umelala Mitchel Field. Doolittle alipaa peke yake kwanza, akazunguka na kutua. Harry Guggenheim, mkuu wa mfuko, aliitwa haraka. Alipofika ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kwa kuwa ndege nyingine zingeweza kutokea, iliamuliwa kwamba safari rasmi ifanywe na mtu wa pili ndani. Luteni Benjamin Kelsey akaketi kiti cha mbele, wazi. Doolittle akaketi nyuma, akafunikwa kwa turubai nzito iliyofungwa pande zote. Humo ndani palikuwa na taa za ubao wa vipimo tu.

Injini ikaunguruma. Kelsey aliiweka mikono yake juu, nje ya usukani, ili waliosimama chini wamwone kwamba hagusi kitu. NY-2 ikapaa, ikafika kama mita 300, ikaenda magharibi, ikageuka nyuzi 180, ikarudi kando ya kiwanja, ikageuka tena. Kila mgeuko ulikuwa nafasi ya sikio kumdanganya mtu aliye gizani. Doolittle alishuka hadi karibu mita 60, akasubiri vibanzi vimwambie kwamba amepita juu ya mnara wa redio, kisha akaiachia ndege iteremke kwa pembe moja hadi magurudumu yakagusa majani. Dakika 15 tangu ilipoondoka, ilisimama karibu na pale ilipoanzia. Kelsey hakuwa amegusa usukani. Kwa mara ya kwanza duniani mtu alikuwa amepaa, akaruka na kutua bila kuona chochote nje ya ndege yake.

Doolittle hakuridhika na kutua kwake, akasema angeweza kufanya vizuri zaidi. Sifa ninayoipa mimi ni nyingine. Aliketi gizani na kukubali, kwa dakika 15 mfululizo, kwamba kioo cha sentimita chache kina haki kuliko mwili wake wote. Kwa mtu aliyejengewa jina na uwezo wa mwili huo, haikuwa kazi ndogo.

Miaka iliyofuata, upeo bandia uliingia ndege baada ya ndege. Fleet mwenyewe hakukaa Buffalo. Alikuwa ameanza kuunda ndege za kutua majini, na maji ya Buffalo huganda miezi mingi, kwa hiyo mwaka 1935 alihamisha kampuni na mamia ya wafanyakazi hadi San Diego. Kiti cha Bárány nacho kilibadilishiwa kazi. Hakichagui tena marubani. Wanafunzi wa urubani wa leo huketishwa humo wazungushwe, waulizwe wanakwenda upande gani, na wakosee mbele ya wenzao.

Kukosea huko hakutibiki. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 ambao hawajafunzwa kuruka kwa vipimo, wakawekewa hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, 19 kwa mzunguko ule ule wa kushuka. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Kifaa kinaweza kumwonyesha mtu ukweli, lakini hakiwezi kumlazimisha atazame, na hili sisi wa Afrika Mashariki tunalijua kwa msiba.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507 iliyotoka Abidjan, ilipaa kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800, mpya. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha, na nje palikuwa giza tupu. Mara baada ya kupaa ilianza kulalia kulia taratibu. Uchunguzi wa mamlaka za Kameruni ulionyesha kwamba rubani alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika ndege, kumbe haukuwa umewashwa, na kwa karibu dakika nzima hakuna mkono uliorekebisha chochote. Ulalo uliongezeka polepole kiasi ambacho sikio halihisi. King'ora kilipolia, ndege ilikuwa imelala zaidi ya nyuzi 30. Mkono wa rubani, ulioshtuka, ulizungusha usukani kulia, upande ule ule ilikokuwa inaanguka. Iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, kilomita chache tu kutoka kiwanjani, na watu wote 114 wakafa. Walitoka mataifa zaidi ya 20, na mabaki hayakuonekana hadi karibu siku mbili baadaye.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2010 ilitaja chanzo kuwa ni kupotewa na mwelekeo angani, vipimo vikiwa havikutazamwa, katika usiku usio na alama yoyote ya nje ya kuongoza macho. Katika muda wote huo, kwenye vioo vya mbele ya marubani wote wawili, upeo bandia ulikuwa unafanya kazi, ukionyesha ndege inalala kulia, na kwa nyuzi ngapi.